Breki za Nyuma Zililia Miezi Mitatu

Nabindu, mwanangu, mama yangu,

Umeenda kumuaga bibi yako, na najua hatakuachilia mpaka jua lishuke, maana yule mzee akishika mkono wa mtu huanza kumsomea ukoo mzima. Kwa hiyo ninayo alasiri nzima, meza ya chakula, na kalamu yako uliyoisahau dirishani. Naandika kwa sababu haya siwezi kukuambia kwa mdomo. Nikisema, utanijibu, nami sitasikia ulichojibu. Nitatikisa kichwa kama mtu anayekubali, na tutakuwa tumerudi palepale tulipoanzia.

Mambo ya sabuni, blanketi na namna ya kukaa na wasichana wa watu ameshakupa mama yako, tena mara mbili. Mimi sina la kuongeza. Sijawahi kuishi na mamere, hao watawa wa misioni, sijui wanapenda mtu aamke saa ngapi, na huo ukunga unaokwenda kujifunza Bukavu ni kazi ambayo sisi wanaume tunafukuziwa mlangoni. Ninachokijua mimi ni lori. Basi nitakuandikia juu ya lori la Salumu na zile breki zake za nyuma. Utasema, Baba, breki hizo nazijua kuliko mtu yeyote. Ni kweli, lakini unazijua kwa upande wa mtu anayesikia. Upande wangu hujaambiwa, na usipoambiwa leo sijui utaambiwa lini.

Mvua zilipoanza mwaka jana, nilimwambia Salumu kwamba breki za nyuma zimekwisha. Salumu ni tajiri wa samaki lakini si mtu wa chuma. Lile lori lililoachwa na askari baada ya vita analipenda kama ng'ombe, ila hajui linakula nini. Akasema tulipeleke gereji Uvira. Nikamwambia hapana, nunua vitu, nitatengeneza mwenyewe nyumbani. Sikusema hivyo kwa sababu ya kumwonea huruma. Nilikuwa nimesikia kwamba Kashindi, yule shofere wa gari la pamba, anasema mimi siku hizi nimezubaa, mtu akinipigia honi sipishi. Nikataka mji wote wa Baraka upite mbele ya kiwanja chetu na kuona Asukulu amefungua magurudumu na kuyarudisha bila kuita fundi.

Nitakueleza kidogo, maana siku ile ulikuwa shuleni. Ndani ya gurudumu la nyuma kuna bakuli kubwa la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, tunaliita tamburi. Ndani ya tamburi kuna vyuma viwili vilivyopinda kama mundu, vimevalishwa ngozi ngumu iitwayo garnitire. Ukikanyaga breki, vile vyuma vinatanuka na kulibana tamburi kutoka ndani. Ile ngozi hushikwa na misumari midogo ya shaba, na kichwa cha kila msumari lazima kizame kabisa ndani ya ngozi. Kikibaki juu hata unene wa ukucha, kitakwaruza chuma, na gari litalia njia nzima.

Nilipiga misumari ile kwa nyundo juu ya reli fupi niliyoazima. Nilipomaliza nilifanya kama nilivyofundishwa zamani na fundi mmoja wa Albertville: inua gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono, weka sikio karibu, sikiliza. Niliinama nikaweka sikio. Kimya. Nikaenda upande wa pili, kimya. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama njiani wakitazama, nikajifuta mikono polepole ili wanione vizuri. Sasa najua kwamba kimya kile hakikuwa cha breki, kilikuwa changu mimi. Lakini siku ile nilimshukuru Mungu kwa kimya kile na nikala vizuri.

Masikio yangu yalianza kufa miaka miwili kabla ya hapo, baada ya ile homa iliyonishika Kilembwe. Walinipa kinini nyingi, kichwa kikawa kinalia kama nyenje, na nilipopona nyenje hawakuondoka. Labda ni kinini, labda ni miaka kumi na minane ya kukaa juu ya mota. Daktari sikumwuliza, kwa kuwa kumwuliza kungekuwa ni kukiri. Sauti nene zilibaki: mota, ngurumo, mama yako. Sauti nyembamba zilikwenda moja moja, na mimi nilikuwa nikizihesabu zinavyokwenda. Ndege wa asubuhi walikwenda. Kengele ya misioni ilikwenda. Kabla ya hizo zote, ya kwanza kabisa kunipotea ilikuwa sauti yako. Sijawahi kukuambia hivyo. Ulikuwa ukikaa karibu nami ukinisimulia mambo ya shule, nikikuona mdomo unavyokimbia, nikicheka pale ulipocheka.

Hapo ndipo nilipojifunza kusema ndiyo. Niligundua kwamba mtu akikusemesha, mara nyingi ndiyo anayoitaka ni ndogo tu. Ukimpa, ukatabasamu kidogo, anaondoka ameridhika. Jirani aliniomba afunge mbuzi wake kwenye nguzo ya jiko letu, nikasema ndiyo, na kesho yake nikamfukuza yule mbuzi kwa fimbo nikishangaa ametoka wapi. Mlicheka sana nyumbani. Mama yako akasema sikio la kufa halisikii dawa, akidhani ni ukaidi. Mimi pia nilicheka.

Lakini sikucheka kwa Mama Asende. Huyo alinikuta sokoni na kuniambia neno, uso wake umefungwa na kitenge mpaka puani kwa sababu ya baridi ya mvua. Sikuona mdomo wake, na soko lilikuwa na kelele. Nikatikisa kichwa, nikamwambia, "Vizuri, vizuri, ubasalimie kule." Alikuwa ananiambia kwamba dada yake amekufa Swima na wanatafuta gari la kumleta. Aligeuka akaondoka. Mpaka leo hanisalimii, na watu wa ukoo wake wanasema Asukulu alipata gari akapoteza moyo. Niliambiwa wiki nzima baadaye. Ningeweza kwenda kwake nikaeleza, dakika tano tu. Sikwenda. Niliona afadhali waniite mtu mbaya kuliko kuniita kiziwi, kwa kuwa mtu mbaya anaruhusiwa kuendesha gari.

Basi breki zikalia. Zililia miezi mitatu, mwanangu, kutoka hapa mpaka Uvira na kutoka hapa mpaka Fizi, na mimi nimekaa mbele nimetulia kama askofu. Niliona tu mambo ya ajabu. Niliona kwamba siku hizi nikifika Swima nawakuta akina mama wameshajipanga barabarani na vikapu vyao vya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, hata siku nilizochelewa. Zamani nilikuwa nawasubiri mimi. Nikajiambia, hawa wameanza kuniheshimu. Kumbe walikuwa wanaisikia breki pale juu kwenye kona, kabla lori halijaonekana, wanaweka watoto mgongoni na kutoka. Hakuna aliyeniambia, maana kila mtu aliona ile sauti inamfaa, na walidhani nimeiacha makusudi.

Wewe ndiwe uliyenifungua macho, siku ya kwanza nilipokuchukua kwenda Uvira na ndagala za mama yako, kabla ya Noeli. Tulipokuwa tunashuka ile kona nikakuona umeziba masikio kwa mikono yote miwili. Nikadhani unaumwa. Ukanigeukia.

"Baba, freni iko inalia sana. We hausikie?"

Nikasema nasikia, kwa nini nisisikie. Tulipofika Swima nikashuka kutazama mipira ya magurudumu. Nikiwa nimeinama, nikaona vidole vya miguu yako vimekuja mbele yangu, nikainua uso. Ulikuwa unalia.

"Nilikuita mara tatu, Baba. Nilikuwa hapa nyuma yako."

Na jibu langu unalikumbuka. Sikukushika mkono, sikukuambia pole. Nilisema, "Usiambie mama yako." Ulikuwa na miaka kumi na sita, nikakupa mzigo ule kama mtu anavyompa mwingine begi ashike kidogo, kisha nikakuachia.

Yaliyofuata huyajui, na hapa kalamu inakuwa nzito. Jumapili iliyofuata mlienda Misa. Mimi nilisema nina homa. Nikafungua magurudumu peke yangu, haraka haraka, kama mwizi. Haya yalikuwa ya nini? Ningekungoja, ungenisikilizia, tungeipata ile kasoro kwa saa moja. Lakini nilikuwa na aibu mbele yako, na mtu mwenye aibu hataki shahidi. Nilitazama juu juu nikaona ngozi bado mpya. Sikupitisha kidole kwenye vichwa vya misumari. Nikaamua kwamba kinacholia ni pale nyuma ambapo vyuma vinasugua bamba bila mafuta, na kweli pale panahitaji grisi, tone dogo, grisi ngumu isiyoyeyuka kwa moto. Sikuwa nayo. Nikachukua mawese ya mama yako jikoni. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, mawese yameganda mazito, mekundu, na mimi nikajiambia yatakaa. Nikapaka si tone, nikapaka kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Nilikuwa nazibia breki mdomo.

Kila shofere anajua kwamba mafuta na breki hawakai nyumba moja. Hata mwenye baiskeli anajua. Nilijua.

Siku iliyofuata tulipanda Fizi, wewe pembeni yangu. Kupanda hakuhitaji breki. Tulipakia mihogo mikavu, watu kumi na mmoja wakakaa juu ya magunia, tukaanza kushuka kurudi Baraka. Kona ya kwanza breki ilishika. Ya pili ilishika. Chuma kikapata moto, na yale mawese yakayeyuka kama yanavyoyeyuka kwenye sufuria, yakatiririka juu ya ngozi. Kona ya tatu nilikanyaga, mguu ukapata pedali ngumu kama kawaida, lakini lori halikusimama, liliendelea kuteleza tu. Breki za mbele peke yake hazikuweza kitu na mzigo ule. Nikarudisha gia, mota ikapiga kelele, nikaisikia hiyo kwa miguu. Wale wa juu walikuwa wanapiga paa kwa ngumi na kulia majina ya mama zao. Sikuwasikia. Nilijua wanalia kwa sababu nilikuona wewe unavyolia. Ulinishika mkono, ukanionyesha lile fungu la udongo ambalo watengeneza barabara waliliacha ukingoni, nikaliingiza lori humo.

Hakufa mtu. Wewe ulipiga uso kwenye chuma, ukapasuka nyusi ya kushoto. Damu ilikuwa nyingi kiasi kwamba nilidhani jicho limekwenda. Nilikubeba mpaka dispansari ya Fizi kwa miguu, sikuweza kusubiri gari lingine. Walipokushona ulikuwa unanitazama mdomo wangu, na mimi nilikuwa nawaambia watu wote kwamba bomba la breki limepasuka. Walinisifu. Walisema, shofere mwingine angewatupa bondeni. Mzee mmoja wa wale kumi na mmoja aliniletea kuku wa shukrani, nikampokea kwa mikono miwili, na mama yako akampika. Wewe ulipewa paja.

Lile kovu juu ya jicho lako linatokana na mimi. Si bomba, si barabara, si Mungu. Nimelitazama kila siku tangu siku ile, na kila mgeni anapouliza limetoka wapi, unamjibu, "Ilikuwa aksida ya gari, Baba alituponyesha." Sijui kama utanisamehe. Sikuombi unisamehe kwa haraka.

Ndipo tulipotengeneza vizuri, wewe na mimi. Salumu alileta garnitire nyingine, maana iliyokwisha kunywa mafuta haina dawa. Nikapiga misumari upya, na safari hii nilikuita. Nakumbuka ulivyochuchumaa karibu na gurudumu na bandeji usoni. Mimi nazungusha polepole, wewe unasikiliza, na kila unaposikia mkwaruzo unanigonga goti. Nikigongwa nasimama, naweka alama ya chaki juu ya mpira. Tukazungusha mara kumi, na chaki zote zikaangukia mahali pamoja. Tulipofungua, palepale kwenye chaki, misumari miwili ilikuwa imeinua vichwa, na tamburi limechorwa mistari miwili inayong'aa. Hata lile kosa la mwanzo lilikuwa dogo vilevile. Nikaizamisha, tukafunga, nikazungusha tena. Nilikutazama. Ukakaa na mkono juu, hukunigonga. Wale mama wa Swima walikasirika mwezi mzima, wakisema, "Sasa tutajua namna gani kama kamio inakuya?"

Tangu siku ile ukawa unakaa nami mbele kila ulipotoka shule na kila likizo. Pigo moja kwenye goti, kuna gari nyuma. Mapigo mawili, abiria wanataka kushuka. Siku za shule, ulipokuwa haupo, niliendesha kwa vioo na kwa sala. Hakuna shofere kati ya hapa na Uvira aliyekuwa na masikio mazuri kama yangu. Nilijivunia. Nikasahau kwamba ni ya mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo la Bukavu. Mnasema mimi ndiye niliyekuruhusu. Mama yako amelisimulia kwa jamaa wote: mamere mkubwa alikuja, akamwuliza Asukulu, na Asukulu hakubishana hata kidogo. Mjomba wako alisema hakujua kama mimi ni mtu wa maendeleo namna ile.

Nabindu, sikusikia swali. Nilikuwa nimelala chini ya lori nikaona viatu vyeusi vyenye vumbi. Nikatoka. Yule mamere ana sauti ndogo, tena huongea ameinamisha kichwa, na kile kitambaa chake cheupe kinamfunika uso. Hakuna neno hata moja nililolishika. Nilidhani anaomba tumpelekee magunia ya unga ya misioni kama kila mwezi. Nikatikisa kichwa. Akasema tena, nikatikisa tena, na nikaweka mkono kifuani kuonyesha kwamba ni kwa furaha. Nikamwona mama yako mlangoni mkono mdomoni, anapiga vigelegele, nikashangaa vigelegele vya unga vimeanza lini. Kisha wewe ukaja mbio kutoka ziwani, ukaangusha ndoo, ukanikumbatia mbele ya mamere. Nilielewa jioni, mama yako aliponiambia kwa ile sauti yake nene, "Asukulu, sikujua kama uko na moyo mukubwa vile."

Kama ningelisikia lile swali, ningesema hapana. Lazima nikuandikie hivyo wazi. Ningesema msichana bado mdogo, Bukavu ni mbali, kuna baridi, wasichana wa mjini wana tabia. Nisingesema kwamba nataka mtu wa kunigonga goti.

Na sikukubali kirahisi kama mnavyodhani. Nilienda misioni mara mbili kulivunja lile neno. Mara ya kwanza niligeuka darajani. Mara ya pili niliingia mpaka ofisini, maneno nimeyapanga tangu nyumbani: Mamere, nimebadili wazo. Akanipa kiti. Akaanza kuongea akitazama karatasi zake, nami nikingoja anyamaze. Akainua uso, ameinua na nyusi, anangoja jibu. Nikatikisa kichwa. Mwili ulijibu ndiyo wenyewe, kabla yangu. Akaandika kitu, akanipa mkono. Nilitoka pale nikiwa nimekwenda kukataa na kumbe nimekubali mpaka siku ya safari.

Nilicheka njiani, mwanangu, kisha nikakaa kwenye jiwe nikalia. Sikuwa na la kufanya. Masikio yangu yalikuwa yamekupa ruhusa ambayo mimi nisingekupa.

Juzi ulikuwa unamenya karanga, ukanigeukia ili nikuone vizuri, na ukasema polepole.

"Baba, mi nikienda, nani atakusikilizia? Nitaambia bamamere bangojee mwaka moja."

Nilitazama kando, nikasimama, nikaenda kupiga mipira ya gari teke. Ulidhani sikushika. Nilishika kila neno. Miaka mitatu nimejifanya mtu anayesikia, na siku ile moja tu nikajifanya mtu asiyesikia, kwa sababu jibu lililokuwa mdomoni lilikuwa: ndiyo, kaa. Lilikuwa hapa kwenye meno. Ungekaa, nakujua. Mwaka ungekuwa miwili, kisha ungeolewa na jirani ili usiwe mbali na gari, na mimi ningesema ni mapenzi ya Mungu.

Huko uendako utakaa na wanawake wenye uchungu. Mmoja atakuambia kitu naye anauma kitambaa, na hutasikia, na mamere atakuwa anakutazama. Mwulize tena huyo mwanamke. Mwambie hukusikia. Mimi sikuweza kulisema neno hilo kwa Mama Asende, na unaona limenifikisha wapi.

Leo asubuhi, mlipokuwa Misa, nilienda kwa Salumu. Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na mimi nilishakiona kilio hicho kwenye uso wako. Nikamkuta anapanga mizani yake. Nikamwambia yote kwa mfululizo, ili nisipate nafasi ya kuacha: masikio, misumari, mawese. Kuhusu mawese nilirudia mara mbili. Alijibu maneno mengi, na unajua masharubu yake yalivyo, midomo haionekani. Sijui kama alinitukana au alinionea huruma. Nilikaa pale kama gunia. Mwisho akanyoosha mkono, kiganja juu, na hilo nilielewa. Nikampa ufunguo.

Mama yako nilimwambia niliporudi. Hakuacha kupepeta unga. Aliniambia, "Banamuke ba Swima bote banajua," kisha akaniwekea chakula. Sijui nitafanya kazi gani. Kuvua sijui, jembe nililiacha nikiwa kijana. Natamani kukuandikia kwamba nina mpango, lakini sina mpango wowote, nina mikono tu na hofu. Usirudi kwa sababu ya haya. Usimwombe mamere ruhusa ya kurudi. Ukirudi nitajua kwamba nimekuita, hata kama sikufungua mdomo.

Mamere aliniuliza kama nakubali uende. Leo nimelijua swali, nimelikalia alasiri nzima, na namjibu kwako: nakubali. Inauma, na nakubali.

Kesho Kashindi ndiye atakayeendesha. Salumu amemwazima kwa siku moja, habari hizo amenipa mama yako, na yule mjinga atafurahi sana, mwache afurahi. Mimi nitapanda nyuma na wewe, juu ya magunia, uso kwa uso, mpaka Uvira. Anza kunisimulia tangu tutakapotoka Baraka, hata yale ya shule ya zamani niliyocheka bila kuyasikia. Sema polepole. Safari hii sina barabara ya kutazama.

Ni mimi niliyekuzaa,

Asukulu